Bunduki katika Soko la Nyangwe

Mgeni afikaye kwa mwenzake hupiga hodi, kisha hungoja. Hayo kila mtoto wa Manyema huyajua mbele ya kujua kusoma. Lakini akiwa na bunduki mkononi, afanye nini? Na sisi tunaomwona anaingia nayo, tumwambie neno gani? Juu ya jambo hilo inchi yetu inayo habari moja, iliyoandikwa na mtu aliyeiona kwa macho yake.

Nyangwe iko kando ya Lualaba, upande wa mashariki. Karibu na mwaka 1860 Waarabu na Wangwana walifika wakajenga hapo, wakitafuta pembe na watumwa. Walikuwa na nguvu, lakini wenye soko walikuwa wenyeji, na zaidi wanawake. Wengi walivuka mto kwa mitumbwi, wakileta mihogo mikavu na vyungu, wakabadilisha kwa samaki, chumvi, pilipili na mawese. Wanaume walileta kuku, nguruwe na vitu vya chuma. Livingstone, aliyefika mwisho wa Machi 1871, alipenda kwenda kuwatazama wakibishana bei na kucheka.

Soko hilo lilikuwa na sheria yake. Hata vijiji viwili vilipopigana vita, wanawake walipita katikati kwenda sokoni, wala hakuna aliyewagusa. Tena haikuwa desturi kuingia sokoni na bunduki. Sheria hiyo haikuandikwa popote, nayo ilishikwa. Waseminari wanaosoma historia ya Eklezya watakumbuka mtaguso wa Charroux katika Ufaransa, mwaka 989, uliowakataza mabwana wa vita kunyang'anya mifugo ya maskini na kumpiga padri asiyechukua silaha. Kule ilibidi maaskofu wakusanyike na kutisha watu kwa laana. Huku Nyangwe wanawake wa soko walikuwa na amani ya namna hiyo bila laana ya mtu yeyote.

Tarehe 15 Julai 1871 watu kama 1500 walikuwa sokoni. Jua lilikuwa kali. Livingstone aliona watu watatu wanaingia na bunduki, wafuasi wa Dugumbe, mfanya biashara mkubwa aliyekuwa amefika mwezi wa sita. Katika kitabu chake, kilichotolewa mwaka 1874 baada ya kufa kwake, imeandikwa kwamba alitaka kuwakaripia, kisha akafikiri: ni wageni, hawajui desturi. Akaanza kuondoka. Mmoja wao alikuwa anagombana na mwenye kuku juu ya bei. Livingstone hakuwa amefika mbali aliposikia bunduki mbili zikilia katikati ya watu.

Watu walikimbilia mitumbwi, kama 50, iliyosongamana katika mkono mdogo wa mto. Hapo kundi jingine liliwapiga risasi. Wengi walijitupa majini wakaogelea kuelekea kisiwa cha mbali, vichwa vyao vikionekana mstari mrefu, kimoja kimoja kikizama. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Tusiwe wepesi kumhukumu Livingstone. Alikuwa mgeni kwa Waarabu, amechoka, naye alikuwa akimwomba Dugumbe watu na mtumbwi. Lakini tuangalie neno lake: hawajui desturi. Je, ni kweli hawakujua? Yeye mwenyewe alipotafuta sababu baadaye, aliona mbili. Mtumwa mmoja jina lake Manilla alikuwa amefanya undugu na wakubwa wa ng'ambo, na watu wa Dugumbe walitaka kumwadhibu juu ya hayo. Sababu ya pili ndiyo kubwa: walitaka inchi ijue ukubwa wa wageni waliofika. Basi bunduki ile haikuingia sokoni kwa kusahau. Iliingia ili ionekane. Anayeibeba mbele ya wenyeji wasio na silaha ameisha kusema neno lake, hata kabla ya risasi ya kwanza. Na sisi wa mto huu hatuhitaji kukumbushwa Kongolo, tarehe 1 Januari 1962, siku askari walipowaua wamisionari 20 wa Roho Mtakatifu.

Siku ile ya soko Dugumbe alitia watu katika mtumbwi mmoja ulioachwa, nao waliokoa watu 21 majini. Mwanamke mmoja alikataa kupanda. Alifikiri kwamba wanamtaka awe mtumwa. Na angefikiri nini tena?

Tarehe 20 Julai Livingstone aliacha Nyangwe kurudi Ujiji. Habari yake ilisomwa Ulaya, ikawatia nguvu waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Katika Manyema biashara ile iliendelea miaka mingi bado. Cameron alipofika Nyangwe mwaka 1874, alikuta wanawake wanaleta vyungu na mihogo sokoni kama zamani.