Mashine ya Sebuleni Iliyohamia Kibandani

Televisheni na PlayStation zilianza safari ya kuja Tanzania Bara mwaka mmoja. Mwaka 1994, miaka 21 baada ya Zanzibar kupata kituo chake cha televisheni ya rangi, ITV ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam. Na tarehe 3 Desemba mwaka huohuo Sony ikatoa PlayStation ya kwanza nchini Japani. Mpwapwa, mji wa nyanda za kati ulio chini ya milima ya Kiboriani, haukupata matangazo hayo mara moja. Katika miji ya namna hiyo runinga ilitangulia kuwa kifaa cha kuonyeshea kanda za video, ndani ya banda la kulipia mlangoni, kabla haijawa pambo la sebule. Nasisitiza hilo kwa kuwa historia ya PlayStation tunayosimuliwa ni ya sebuleni: 1994, 2000, 2006, 2013, 2020, kila toleo likilifukia lililotangulia. Katika nyanda za kati mambo hayakwenda hivyo. Toleo lilidumu au likatoweka kutegemea kama fundi wa mtaani angeweza kulifungua, na kama mwenye kibanda cha gemu angeweza kuligawa kwa watu wengi kwa sarafu chache.

Ushahidi mkubwa ni PS2. Ilitoka Machi 2000, na Sony ilipoacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013 ilikuwa imeuza zaidi ya milioni 155, kuliko toleo jingine lolote la PlayStation. Japani wengi waliinunua kwa sababu ilicheza pia filamu za DVD. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyoipa maisha huku kwetu, ila kwa njia nyingine. Gemu zake zilikaa kwenye DVD na CD za kawaida, hivyo aliyeuza filamu za kunakili aliweza kuuza na gemu, na fundi redio aliyezoea deki zisizosoma CD alikuwa ameshajifunza nusu ya kazi. Mzigo ulipanda kutoka pwani kama ulivyopanda zamani, Mpwapwa ilipokuwa kituo cha misafara iliyojiandaa kuvuka nyika kavu ya Marenga Mkali; safari hii ulitoka Kariakoo, na mwingi wake ulikuwa mitumba.

Tuiangalie PS2 nyembamba ya 2004 kwa karibu. Haina trei ya kuvuta: ukiinua kifuniko, lensi iko wazi mbele yako, na vumbi la kiangazi linaiona pia. Fundi huisafisha kwa pamba yenye spiriti. Ikikataa bado kusoma, huchukua bisibisi ndogo akageuza kiskrubu kilicho pembeni mwa lensi ili mwanga uongezeke, akijua kwamba anaipunguzia umri. Tangu 2008 kukawa na programu inayowekwa kwenye memori kadi ya MB 8, ambayo huiwezesha mashine kupakia gemu kutoka kwenye flashi. Tundu la flashi la PS2 ni la kizamani na la polepole, kwa hiyo vipande vya video hukwama, lakini mpira unachezeka. Lensi ikafa, mashine ikaendelea kuishi. Gemu ya mpira nayo ndiyo biashara yenyewe: pedi mbili, runinga moja, mechi fupi, anayefungwa anampisha aliye kwenye foleni. PES 2014, iliyotoka Novemba 2013, ilikuwa gemu ya mwisho kutolewa rasmi kwa PS2 barani Ulaya. Kibandani haikuwa ya mwisho kwa maana yoyote.

Mtu atasema huu ni umaskini tu, kwamba Mpwapwa ilicheza PS2 kwa sababu haikuwa na fedha ya PS3. Umaskini unaeleza kwa nini watu hununua cha bei nafuu. Hauelezi kwa nini PS1, iliyokuwa nafuu zaidi, iliondoka mapema na PS2 ikabaki. Wala hauielezi Brazili, nchi yenye kipato kikubwa kuliko chetu, ambako PS2 ilitawala vivyo hivyo na wapenzi wa mpira wakaendelea kwa miaka kutoa Bomba Patch, gemu ya Konami iliyobadilishwa wachezaji na timu. Nchi hizi mbili zilifanana kwa kuwa na mafundi, diski za kunakili, na bidhaa halali iliyokuwa ghali mno.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vibanda viliwatoa watoto darasani. Lalamiko hilo ni la kweli, na mwenye kibanda anayempokea mwanafunzi mwenye sare saa nne asubuhi hana utetezi. Lakini ni kosa kukitia kibanda cha gemu kapu moja na mashine za kamari zinazoitwa dubwi. Kwenye dubwi unalipia bahati. Kwenye mpira wa PS2 unalipia muda, na ustadi ndio unaokuweka kitini. Pingamizi la tatu, la wizi wa kazi za watu, silikatai. Kampuni za gemu kama Konami na Rockstar hazikupata chochote kutokana na diski zile, na mtengenezaji wa gemu wa Kitanzania angepata wapi mteja wakati gemu bora za dunia zinauzwa kwa bei ya soda? Hasara hiyo ni yetu pia.

Hata hivyo, dawa ya wizi huo waliyoileta wenye kampuni iliwaumiza walipaji kwanza. PS3 ya 2006 ilitumia diski za Blu-ray ambazo fundi hakuweza kuzinakili, na zile za kwanza zilikula takriban wati 200, jambo ambalo mwenye kibanda huliona kwenye mita ya umeme ya LUKU. Ilipata nafasi baada ya kufuli zake kuvunjwa mwanzoni mwa 2011 na gemu kuanza kujazwa ndani yake. PS4 ikaja na masasisho mazito ya kupakua na akaunti ya mtandaoni, wakati katika Afrika ni Afrika Kusini peke yake iliyo kwenye orodha ya Sony ya nchi zenye akaunti hizo. Mtanzania hujiandikisha kwa anwani ya ugenini. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 kabla kelele za wateja hazijaifanya Sony iondoe sharti hilo. Ni Sony ileile iliyoshangiliwa Juni 2013 kwa filamu fupi iliyoonyesha mtu akimkabidhi mwenzake diski mkononi. Mwaka 2020 ikauza PS5 isiyo na tundu la diski, na PS5 Pro ya Novemba 2024 haina kabisa isipokuwa ununue kando. Mwenye kibanda atakayenunua gemu za kupakua, bila diski, atakuwa amelipa kihalali kama alivyotakiwa. Siku akifunga biashara ataweza kuuza runinga, pedi na mashine yenyewe. Gemu alizozilipia zitabaki kwenye akaunti yenye anwani ya nchi asiyowahi kufika.