Jipu za wazee na njia mpya: historia ndogo ya resori zetu

Wengi wetu tumekwisha kupanda jipu ya zamani yenye kurusha watu mpaka kichwa kinagonga dari. Dereva anazungusha volani kidogo, gari haisikii. Anaongeza, mara inakata kwa nguvu. Tunasema tu: "Imezeeka." Lakini uzee ule uko na historia yake, na tusipoielewa utatuletea ajali.

Land Rover ilitoka mwaka 1948, jipu ya kwanza ya Toyota 1951. Zote zilikaa juu ya resori za lame, yaani vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama kwenye magari ya farasi ya zamani. Lame ni ngumu kuvunjika, inabeba mzigo, na fundi wa kijijini anaweza kuitengeneza. Kwa milima kama ya kwetu, ilikuwa jibu zuri.

Kisha biashara ikaongezeka. Viazi na poireaux vya Masereka vilipaswa kufika Butembo, Beni na mbali zaidi. Jipu ikageuka kamio ndogo. Ili mgongo wa gari usilale, fundi aliongeza lame moja, kisha ya pili. Alifanya vizuri kwa kazi ya siku ile. Lakini kila lame inayoongezwa inapunguza kupindika kwa resori. Siku gari iko bure, resori haishuki tena: gari yote inaruka, na pneu inaacha udongo. Pneu isiyogusa udongo haiwezi kugeuka wala kufunga fren. Ndiyo maana ulaini si starehe ya matajiri. Ulaini unashika gari kwenye njia.

Watengenezaji nao waliliona hilo. Range Rover ya 1970 ilikuja na resori za kuzunguka. Land Cruiser 80 ikafuata mwaka 1990. Mwaka 1999, Land Cruiser 70 ya kazi nzito ilipewa resori za kuzunguka mbele, lakini nyuma ilibakia na lame juu ya mzigo.

Sasa kwetu njia inabadilika. Mwezi wa sita 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua kazi za njia kule mpakani Kasindi: kilometa 80 Kasindi–Beni, na 54 Beni–Butembo. Hapa ndipo hatari iko. Kwenye matope unatembea kilometa 20 kwa saa, na volani iliyolegea haionekani. Kwenye lami unafika 80, na ulegevu uleule unakupeleka upande wa kamio inayokuja mbele. Gari iliyotengenezwa kwa matope haijawa tayari kwa lami.

Basi, tuanze wapi? Wengi wanakimbilia kununua amortisere mpya. Ni kupoteza feza kama maungio yamelegea. Mtu mmoja acheze volani kidogo kushoto na kuume, wewe uangalie chini: kiungo kinachochelewa kufuata ndicho kibovu. Nyanyua gurudumu kwa kriki, tegemeza gari vizuri, kisha tikisa. Ukishika juu na chini na inacheza, angalia rulema na pivo. Ukishika kushoto na kuume, angalia rotile. Amortisere ya direksyo isikudanganye: ikiwa mpya inaficha ulegevu, haiuponyeshi.

Kisha badilisha silembloki, zile mpira za kwenye maungio. Bulo zake uzikaze kabisa wakati gari imesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umepindika na utapasuka mbio. Kama gari haibebi viazi tena, ondoa lame zilizoongezwa, urudie hesabu ya kiwandani. Ndipo sasa amortisere. Pressio ya pneu ifuate kibandiko cha mlangoni. Paralelismu inakuja mwisho, juu kila kitu ulichogusa kinaibadilisha.

Wale wazee walioongeza lame hawakukosa akili. Walitengeneza gari kufuatana na njia na mzigo wa wakati wao. Njia yetu ni nyingine. Kabla ya kuazima jipu ya baba kwa kwenda harusi Beni, ingia kwanza chini yake ukaangalie.