Mafuta ya Nazi Kusini: Nani Aliyeyadhamini

Mnazi ni mgeni wa zamani Mtwara, kusini mwa Tanzania. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 uliigawa minazi ya dunia katika jamii mbili, ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, ukaikuta ya Madagaska, Komoro na pwani yetu imechanganya asili zote mbili. Hiyo ni alama ya mabaharia wa Kiaustronesia, waliotoka Asia ya Kusini-Mashariki. Katika karne ya 10 msafiri Mwarabu al-Masudi tayari aliitaja nazi miongoni mwa vyakula vya visiwa vya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki.

Kuanzia Mikindani hadi Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, upishi wa mafuta haukubadilika sana. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui hukamuliwa, kisha huchemshwa taratibu mpaka maji yakauke na mafuta yaelee. Yalipakwa nywele, ngozi iliyokaushwa na chumvi ya bahari, na mtoto mchanga. Aliyeyadhamini ni yule aliyeyapika.

Karne ya 19 soko lilibisha hodi: wafanyabiashara wa Marseille walinunua ufuta na mbata za pwani kutengenezea sabuni. Waingereza, wenye njaa ya mafuta baada ya Vita Kuu ya Pili, walianzisha mpango wa kulima karanga mwaka 1947. Ulipoporomoka mwaka 1951 kusini ilibaki na mradi wa bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea. Dola iliyosaka mafuta hivyo haikujali yaliyokuwa yakichemka vyunguni. Baadaye korosho ikatawala, na mwaka 1979 taifa likaanzisha mpango wa kuendeleza minazi.

Sayansi ilichelewa, lakini ilikuja. Karibu nusu ya mafuta haya ni asidi ya lauriki. Mafuta hulainisha ngozi na kupunguza upotevu wa maji. Mwaka 2004 watafiti wa Ufilipino waliyalinganisha na mafuta ya madini kwa watu 34 wenye ngozi kavu: yote yalisaidia, bila madhara ya maana. Idadi hiyo ni ndogo, tusiikuze. Ngozi yenye chunusi huweza kuzidiwa nayo, na jua kali la kusini hayalizuii.

Hofu kubwa ya zama hizi imetoka kwingine, kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi wenye zebaki na haidrokwinoni. Ndiyo iliyoifanya serikali ivibane vipodozi, kwanza kupitia Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na tangu mwaka 2019 kupitia Shirika la Viwango (TBS). Kwa hiyo mafuta yaleyale sasa yana dhamana mbili: nembo ya TBS kwa yale ya kiwandani, na pua ya mnunuzi kwa yale ya nyumbani, maana yakichacha hayafichiki.