Mbwa wa Macho, Mbwa wa Pua

Upepo ni chotara wa greihaundi. Jirani Mtaliano aliniachia alipohama Malindi. Wiki ya kwanza tu alikimbiza mbuzi wa watu. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Babu, Mgiriama aliyewinda Arabuko-Sokoke enzi zake, akacheka: "Mjukuu wangu, huyo anawinda kwa macho. Akishaona, masikio yamefungwa."

Mbwa wa babu walikuwa wa pua na kelele, wa kufukuza paa vichakani. Huko greihaundi hana kazi; yeye anataka uwanda, kama saluki wa Waarabu jangwani. Na hapa ndipo historia yetu wapwani inaponoga. Tumekua tukiambiwa mbwa ni najisi, mate yake yaoshwe mara saba. Sawa. Lakini Suratul-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na wanazuoni wa Kishafi wakaeleza aliyefunzwa ni yupi: akitumwa aende, akikemewa asimame, asile alichokamata. Tena si mara moja, ajirudie mpaka ijulikane kweli amefunzika.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977. Msituni kuna sengi mwenye kiuno cha dhahabu, ambaye duniani karibu wote wako pwani hii. Kwa hiyo mimi nahitaji sharti moja tu: kusimama.

Nimemfunga kamba ya ngalawa, mita kumi. Akinigeukia, filimbi na kipande cha samaki. Jana, njia ya Gede, aliona paka. Nikakemea, akasimama. Sekunde mbili hivi, halafu kamba ikanichoma viganja.