Kumbukumbu za kijeshi za Ujerumani (ukusanyaji na biashara)

Kumbukumbu za kijeshi za Ujerumani ni vifaa halisi vilivyotumiwa na majeshi ya nchi hiyo wakati wa vita, hasa Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945), ambavyo leo hukusanywa na kuuzwa kama vitu vya kale. Miongoni mwake ni kofia za chuma, nishani, majambia ya gwaride, sare, alama za vyeo, bendera, barua na vitambulisho vya askari. Soko lake kubwa liko Marekani, Uingereza na Ujerumani yenyewe. Mnunuzi makini huwa na maswali mawili: kitu hiki ni halisi, na kilitoka mikononi mwa nani? Swali la kwanza limeandikiwa vitabu vingi. La pili hupitwa haraka mno, ingawa ndilo linaloamua kama kitu hicho kina historia ya kusimulia au ni chuma tu.

Nyara

Vifaa vingi vilivyoko sokoni viliondoka Ujerumani ndani ya mikoba ya askari walioishinda. Wamarekani walizitamani sana bastola za Luger, kisha majambia, bendera na nishani. Jeshi lao liliruhusu nyara kwa masharti: askari alihitaji hati yenye saini ya ofisa wake, na vilipuzi vilikatazwa. Leo hati hizo zinatafutwa kwa bidii, maana bastola inayouzwa pamoja na hati yake hupata bei nzuri kuliko ya aina ileile isiyo na karatasi. Nyara nyingi zilikaa miongo kadhaa darini na masandukuni, zikajitokeza mwenyewe alipofariki na warithi wakagawana mali.

Ujerumani mambo yalikwenda vingine. Familia nyingi zilizika au kuchoma vitu vya namna hii majeshi ya washindi yalipokaribia, kwa kuogopa kukutwa navyo. Kilichosalia mara nyingi ni karatasi na picha alizohifadhi mama au mjane: kitabu cha askari kiitwacho Soldbuch, vyeti vya nishani, barua kutoka medani. Nishani ikiwa pamoja na karatasi hizo, msomaji anaweza kumfuata mtu mmoja kutoka kikosi hadi kikosi, hospitali hadi hospitali. Wafanyabiashara wengi hulitawanya fungu hilo, cheti kwa huyu, nishani kwa yule, picha kwa mwingine, kwa kuwa vipande vikiuzwa kimoja kimoja huleta fedha zaidi. Hasara hiyo hairekebishiki. Fungu likishatawanyika hakuna anayeweza kulikusanya tena.

Vinavyokusanywa

Nishani inayojulikana zaidi ni Msalaba wa Chuma. Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliuanzisha mwaka 1813 katika vita dhidi ya Napoleon, nao ukarudishwa mwaka 1870, 1914 na 1939. Ule wa 1939 una kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi na kuzungushiwa fremu ya rangi ya fedha. Daraja la pili walipewa watu kwa mamilioni, kwa hiyo si adimu. Ritterkreuz, daraja la juu la msalaba huo lililovaliwa shingoni, lilitolewa kwa watu zaidi kidogo ya 7,000, na hilo ndilo linaloghushiwa kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1957 sheria ya Ujerumani Magharibi iliwaruhusu askari wa zamani kuvaa tena nishani zao, kwa sharti kwamba swastika iondolewe. Viwanda vikatengeneza toleo jipya lenye majani ya mwaloni katikati. Baadhi ya watengenezaji, kama Steinhauer & Lück wa Lüdenscheid, walikuwa walewale wa wakati wa vita, na ndiyo sababu kutenganisha kazi ya kabla ya 1945 na ya baadaye kunahitaji jicho lililozoea.

Kofia za chuma zina elimu yake. Matoleo makuu ni ya 1935, 1940 na 1942; la mwisho hutambulika kwa ukingo usiokunjwa, kwani viwanda vilikuwa vinabana muda na gharama. Ndani hugongwa herufi za kiwanda na namba ya ukubwa: ET ni kiwanda cha Thale, Q ni Quist wa Esslingen. Ubavuni zilibandikwa alama za jeshi husika. Mwaka 1940 alama ya rangi tatu za taifa iliachwa, na kufikia 1943 hata zile nyingine hazikubandikwa tena kwenye kofia mpya.

Ughushi

Kofia ya kawaida ya jeshi la nchi kavu ikibandikwa alama ya SS, kikosi cha chama cha Nazi, bei yake hupanda mara kadhaa. Chuma ni cha kweli, mihuri ya kiwanda ni ya kweli; uongo uko ubavuni tu. Kofia ambazo Norway ilirithi na kuzipaka rangi upya kwa matumizi yake baada ya vita zimewapa waghushi malighafi ya kutosha. Huko Solingen, mji wa mafundi visu, vipande vya majambia vilivyobaki viwandani viliunganishwa baada ya vita na kuuzwa kwa askari wa Marekani waliokuwa wakikaa Ujerumani. Jambia la namna hiyo lina ubapa na mpini wa zamani, ila halikupata kuvaliwa na mtu yeyote vitani.

Wakaguzi hutumia sumaku kupima kiini cha msalaba, kioo cha kukuzia kutazama mihuri na mishono, na taa ya urujuanimno kuchunguza nguo na karatasi. Nyuzi na karatasi za kisasa nyingi zina kemikali ya kung'arisha weupe, ambayo huwaka rangi ya samawati chini ya taa hiyo. Za wakati wa vita haziwaki. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, maana sare ya kweli iliyofuliwa kwa sabuni ya kisasa nayo itawaka.

Kemikali ya aina hiyo ndiyo iliyomwumbua mghushi maarufu kuliko wote katika biashara hii. Konrad Kujau wa Stuttgart alikuwa akiuza kumbukumbu za utawala wa Nazi, nyingi zikiwa kazi ya mkono wake mwenyewe. Mteja wake Gerd Heidemann, mwandishi wa gazeti la Stern, alikuwa mkusanyaji wa kiwango cha kuinunua Carin II, boti ya Hermann Göring, mwaka 1973. Kupitia kwake Stern ililipa takriban marka milioni 9.3 kwa madaftari yaliyodaiwa kuwa shajara za Adolf Hitler. Wataalamu wa mwandiko waliyathibitisha, lakini miongoni mwa sampuli walizopewa kulinganishia zilikuwamo kazi za Kujau mwenyewe. Gazeti lilitangaza habari hiyo Aprili 1983. Mwanzoni mwa Mei, Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa, ikaeleza kwamba karatasi na vifaa vya madaftari hayo vilitengenezwa baada ya vita. Kujau na Heidemann wote walifungwa. Mkasa huu unastahili kusomwa na kila mnunuzi, kwa sababu kosa halikuwa la macho. Hakuna aliyesisitiza kujua madaftari yalikuwa wapi tangu 1945 na nani aliyekuwa nayo.

Afrika Mashariki

Eneo hili linahusika kupitia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ya 1914–1918. Vitu vyake vinavyotafutwa zaidi si silaha bali fedha za dharura za Ujerumani ya Afrika Mashariki. Baada ya Waingereza kuziba njia za baharini, serikali ya koloni ilichapa noti za muda kwenye karatasi ya aina yoyote iliyopatikana, na mwaka 1916 ikafua sarafu katika karakana ya reli huko Tabora. Miongoni mwake ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyofuliwa kwa dhahabu ya Sekenke, vipande takriban 16,000. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916 na kazi hiyo ikakoma. Leo sarafu hiyo hupigiwa mnada Ulaya na Marekani, na nakala zake bandia ni nyingi.

Sheria na minada

Nchini Ujerumani kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha na kusambaza alama za Wanazi, isipokuwa kwa madhumuni kama elimu, utafiti na sanaa. Kwa hiyo katalogi za minada hufunika swastika kwenye picha. Austria ina marufuku yake, na Ufaransa imekataza kuzivaa au kuzionyesha hadharani. Mwaka 2000 mahakama ya Paris iliiamuru Yahoo izuie wakazi wa Ufaransa kufikia minada ya vitu hivyo, na mwaka uliofuata Yahoo na eBay zikaweka marufuku zao. Australia ilipiga marufuku kuzionyesha hadharani na kuzifanyia biashara kuanzia Januari 2024, ikiacha nafasi kwa makumbusho na elimu. Marekani hakuna katazo la jumla.

Mvutano ulionekana wazi Novemba 2019, nyumba ya mnada ya Hermann Historica huko Munich ilipouza vitu binafsi vya viongozi wa Nazi licha ya malalamiko ya mashirika ya Wayahudi. Mfanyabiashara Abdallah Chatila, mzaliwa wa Lebanoni anayeishi Uswisi, alinunua kofia ya Hitler kwa euro 50,000 pamoja na vitu vingine, kisha akavitoa vyote kwa taasisi ya Kiyahudi ili visiangukie mikononi mwa wanaomtukuza Hitler. Hofu yake ilikuwa na msingi. Wakusanyaji wengi ni wapenzi wa historia, lakini soko hili pia huwavutia watu wanaotafuta sanamu za kuabudu, na muuzaji asiyejali anamuuzia nani hawezi kujificha nyuma ya historia.

Vitu vya kufukuliwa

Tawi baya kuliko yote ni la vitu vinavyochimbwa katika medani za zamani, hasa Urusi, Latvia na nchi jirani. Wachimbaji wasio na kibali hupita na vigundua chuma, wakachukua kofia, mikanda na vibati vya utambulisho vya shingoni, wakaiacha mifupa ilivyotawanyika. Wengine hulipuliwa na mabomu yaliyolala ardhini tangu vita.

Kibati cha askari wa Wehrmacht, yaani majeshi ya Ujerumani ya wakati huo, kilikuwa cha umbo la yai, kimetobolewa katikati ili kikatike vipande viwili, na kila kipande kina maandishi yaleyale. Askari akifa, kipande cha chini kilivunjwa na kuripotiwa, cha juu kikabaki na maiti. Kwa kawaida jina halikuandikwa, ila kikosi na namba. Anayeuza kibati kizima kilichofukuliwa basi anauza, mara nyingi, njia pekee ya kumtambua mtu ambaye kifo chake hakikuripotiwa na ambaye kwao alihesabiwa kuwa amepotea. Biashara hiyo haina utetezi, na minada inayoikubali inapaswa kuiacha.

Orodha za namba hizo zilitunzwa Berlin na ofisi iliyoanzishwa mwaka 1939, ambayo tangu 2019 imeunganishwa na Bundesarchiv. Aliyekinunua au kukirithi kibati anaweza kuwaandikia na kutaja maandishi yaliyomo. Akijua mahali kilipofukuliwa, taarifa hiyo huelekezwa kwa Volksbund, shirika linalotunza makaburi ya vita ya Wajerumani tangu 1919, ambalo hadi leo hufukua na kuzika upya maelfu ya askari kila mwaka katika Ulaya ya Mashariki.