Kabla hujanunua kayaki ya upepo, pita kwanza Mkokotoni

Mwenzangu mmoja anayefanya utafiti wa nyasi za baharini amejiwekea akiba anunue kayaki ya kujaza upepo, ile ya watu wawili. Hesabu yake ni hii: likizo ataipeleka Jinja, Uganda, kwenye maji ya kasi ya mto Nile. Siku za kazi ataitumia kwenye mlango wa bahari baina ya Mkokotoni na kisiwa cha Tumbatu, kupiga picha za chini ya maji. Boti moja, sehemu mbili. Akaniuliza mimi kwa vile nasoma historia ya vyombo vya baharini, na Mkokotoni naijua. Nikamjibu kwa swali: itagonga jiwe la aina gani?

Maana kugonga itagonga, hilo tusidanganyane. Mto ukiteremka kwa kasi katikati ya mawe, hakuna nahodha anayeyakwepa yote. Chombo kigumu kikigonga, nguvu yote inaishia pale pale palipogongwa, na pale ndipo panapopasuka. Chombo laini kinabonyea, kinagawa ile nguvu kwenye mwili wake mzima, kisha kinaruka pembeni. Ndiyo sababu watu wa maji ya kasi wanapenda boti za upepo.

Sasa, hoja hii ni kongwe kuliko mpira wenyewe. Mwaka 1183 msafiri Ibn Jubayr alifika Aydhab, bandari ya Bahari ya Sham, akaona majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, mbao zikipakwa mafuta. Akaeleza kwamba mafuta yanaulainisha ubao kwa sababu bahari ile ina miamba mingi, na vyombo vya misumari haviiwezi. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, naye aliandika hivyo hivyo juu ya majahazi ya kushonwa: ya msumari yakigonga mwamba huvunjika, ya kamba hunepa. Mabwana wale hawakuwa na somo la fizikia darasani, lakini maelezo yao yangepata alama nzuri kwenye mtihani wowote.

Kwetu chombo hicho kilikuwa mtepe. Mbao zake zilitobolewa matundu, zikapitishwa kamba ya makumbi, matundu yakazibwa kwa vigingi, na juu likatwekwa tanga la mraba la ukili. Wareno walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliandika kwa mshangao juu ya vyombo vikubwa visivyo na misumari. Mtepe ulidumu hadi miaka ya 1930 hivi, kisha ukatoweka. Mfano wake mzima, ulioshonwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Kinachonifurahisha zaidi kimo kwenye kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea. Mwandishi anakitaja kisiwa cha Menouthias. Wataalamu wanabishana kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Anasema watu wake wana vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, wanavua samaki na kasa, na wanategesha mitego ya kusukwa kwenye mapito ya maji. Mtu wa Mkokotoni akisoma hapo atasema: haya si madema? Lakini kurasa chache tu nje ya habari zetu, kitabu hicho hicho kinaeleza kwamba ubani ulifikishwa bandari ya Kane, pwani ya Yemen ya leo, kwa vichanja vinavyoelea juu ya ngozi zilizojazwa upepo. Yaani miaka karibu 2000 iliyopita, bahari moja, upande mmoja watu wanashona, upande mwingine wanajaza upepo. Mimi naona sababu ni ya kawaida kabisa: kule miti ni adimu na mbuzi wapo, huku magogo na minazi ipo. Kila mtu alichagua kwa kilichokuwepo.

Ulaya ilichelewa. Boti ya upepo inayokunjwa na kubebwa ilitengenezwa miaka ya 1840 na Peter Halkett, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, kwa kitambaa kilichopakwa mpira. Ya kwanza ilivaliwa kama joho. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi, ilibebwa kama mkoba, na ilichukua watu wawili. Daktari John Rae aliitumia kaskazini ya mbali ya Kanada, akaisifu. Tatizo la boti za namna hii lilibaki muda mrefu: sakafu ikijazwa upepo inavimba kama mto wa kulalia, haikai bapa. Dawa ilikuja miaka ya 1950 kutoka kampuni ya Goodyear ya Marekani, iliyokuwa ikiunda ndege ya kujaza upepo. Tabaka mbili za kitambaa ziliunganishwa kwa maelfu ya nyuzi zenye urefu sawa, ili upepo ukiingia zisiachane kupita pale nyuzi zinapokomea. Sakafu nyingi za kayaki nzuri za leo ni za namna hiyo. Zimeshonwa, ati.

Basi nikirudi kwa mwenzangu. Jambo la kwanza ni kufua maji. Mtepe ulivuja siku zote, na kufua maji ilikuwa kazi isiyokwisha. Wahenga wanasema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ngama ndipo maji yanapokusanyika. Piga hesabu: kayaki yenye nafasi ya ndani ya mita 3 kwa nusu mita, ikiingia maji ya sentimita 10, imebeba lita 150, sawa na kilo 150. Ni kama kupakia watu wengine wawili ambao hawapigi kafi. Mtoni huna mkono wa kufua. Kwa hiyo kwa Jinja asinunue kabisa isiyojifua maji: sakafu iliyoinuliwa juu ya usawa wa mto, yenye matundu pembeni. Na aulize wenyeji kwanza, kwa sababu bwawa la Bujagali lililozinduliwa mwaka 2012, na la Isimba lililofuata mwaka 2019, yamefunika sehemu ya maporomoko yaliyosifiwa zamani.

Jambo la pili ndilo lililoleta ubishi wetu. Jiwe la mtoni limesuguliwa na maji likawa laini. Boti ya upepo inaliteleza. Mwamba wa matumbawe haujasuguliwa. Unakata, na chaza wanaoganda juu yake ni wembe mtupu. Ubao ulioshonwa unastahimili kukwaruzwa, ngozi ya plastiki yenye upepo ndani haistahimili sana. Tena sakafu ile iliyoinuliwa, inayomwokoa Jinja, huku inamkalisha juu, kusi linamsukuma atakavyo yeye siyo. Maji ya bamvua yakianza kupwa, mkondo wa Tumbatu hauna mzaha na mtu aliyechoka.

Wavuvi wa pale wanatumia ngalawa: gogo, mara nyingi la mwembe, lenye mirengu pande mbili, ufundi ambao asili yake inahusishwa na mabaharia wa Kusini-Mashariki ya Asia, wale wale waliofikisha lugha ya Kimalagasi Madagaska. Inakaa chini, haipinduki ovyo, na tanga inalo. Mzito anakaa tezi na ndiye anayeongoza, mwepesi yuko omo. Kwa kayaki ya watu wawili mpangilio ni huo huo, ila wanunuzi wengi wanaugundua wakiwa tayari ndani ya maji.

Amekubali nusu. Kayaki atanunua, ya kujifua maji, kwa ajili ya mto peke yake, na maboya ya kuvaa mawili kabla ya kitu kingine chochote. Kwa Tumbatu atakodi ngalawa na mwenyewe wa kuiendesha. Ameshaanza kulalamika kwamba bei ya kukodi siku za bamvua ni kubwa.