Ritifaa katika ng': namna ya kuihakiki

Ritifaa (') hutofautisha sauti ya “ng'ombe” na ile ya “ngoma”. Anayepitia maandishi yake mwenyewe huikosa kwa urahisi, kwa kuwa jicho husoma neno lililokusudiwa, si lililoandikwa. “Ng'oa” bila ritifaa huwa “ngoa”, yaani wivu au tamaa. Programu ya kukagua tahajia haitaonyesha kosa, maana hilo nalo ni neno.

Majina ya mahali ndiyo yenye madhara zaidi. Gorong'a, kata ya Wilaya ya Tarime, pamoja na Ring'wani na Rung'abure za Serengeti, hayamo katika kamusi. “Goronga” kwenye cheti na “Gorong'a” kwenye fomu ni majina mawili kwa kompyuta, na mwenye cheti ndiye atakayetakiwa kutoa maelezo.

Njia ya hakika ni kutafuta “ng” katika waraka mzima na kulitamka kila neno linalojitokeza, likiwemo “ng'atuka”, lililotoka katika Kizanaki cha huko huko Mara na kuenezwa na Nyerere. Baadhi ya programu huhesabu ritifaa iliyonyooka na iliyopinda kuwa alama mbili. Itumike moja tu.